Mbu Anayeuma Mchana Anazaliwa Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi tunaishi Temeke, Dar es Salaam. Tunalala ndani ya chandarua na mtaro wa mbele ya nyumba tumeuzibua, lakini asubuhi na alasiri tunaumwa vifundoni na mbu weusi wenye madoa meupe miguuni. Je, wanaleta malaria? Wanatoka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, madoa hayo meupe na tabia ya kuuma mchana vinamtambulisha: huyo yaelekea ni Aedes aegypti, naye haambukizi malaria. Malaria huenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles, ambao aghalabu huuma usiku, ilhali huyu wenu hutafuta damu wakati chandarua kimekwisha kukunjwa. Anachoeneza ni homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, pamoja na chikungunya, ugonjwa uliojulikana kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.

Kuzibua mtaro ni kazi njema, ila humpunguza zaidi Culex, yule anayelia sikioni usiku na kuzaliana katika maji machafu ya mitaro, makaro na mashimo ya vyoo. Aedes hupendelea maji yaliyotulia ndani ya chombo: pipa lisilofunikwa, tairi chakavu, kifuu cha nazi, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Kwa kuwa kwa kawaida haruki mbali zaidi ya mita mia chache, mtafuteni uani kwenu na kwa majirani. Silaumu familia yoyote kwa jambo hili, kwani pale ambapo maji ya bomba hutoka kwa mgao, hakuna awezaye kuishi bila pipa.

Chukua tochi umulike ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji. Hapo ndipo jike hubandika mayai yake, meusi na madogo kuliko punje ya ufuta, ambayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Siku pipa linapojazwa tena, au mvua inaponyesha, mayai huanguliwa, viluwiluwi huanza kupinda na kujinyoosha majini, na baada ya siku kama 10 mbu wapya huruka. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi: kila wiki lisugueni pipa kwa brashi ngumu hadi ukingoni, mlisuuze, kisha mlifunike kwa kitambaa kizito kilichofungwa kwa mpira. Kupulizia dawa ya moshi huua mbu wanaoruka tu, na mayai hubaki salama. Mtoto mchanga anayelala mchana naye alazwe ndani ya chandarua.

Mtu akipata homa kali, maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, aende zahanati apimwe malaria. Kipimo kisipoonyesha malaria, amwombe mganga afikirie dengue. Wakati huo asinywe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu. Kwa homa hiyo hutumika parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa.