Hapana kaka, si hiari yao

Kaka, umesema waigizaji wa kike wa Bollywood, yaani sinema za Kihindi, hupotea kwenye filamu kwa hiari yao wakishaolewa. Sikubali. Mtazame mwigizaji Raakhee. Mwaka 1976, kwenye filamu ya Kabhi Kabhie, alikuwa mpenzi wa Amitabh Bachchan. Mwaka 1982, kwenye Shakti, akawa mama yake mzazi! Raakhee kazaliwa 1947, Amitabh 1942. Mama mdogo kwa mwanawe miaka mitano, na bado Amitabh aliendelea kuwa shujaa. Inaniuma kila nikiikumbuka, maana yule mama alikuwa na kipaji cha ajabu.

Na mpaka leo ni yale yale: filamu ya Sikandar ya 2025, Salman Khan aliyezaliwa 1965 kapewa mwenza aliyezaliwa 1996, Rashmika Mandanna.

Rangi ndiyo usiseme. Filamu ya Bala ya 2019 inatetea msichana mweusi, lakini walimchukua Bhumi Pednekar, ambaye ni mweupe, wakampaka weusi usoni. Wasichana weusi wamejaa India nzima, wanahangaika kutafuta nafasi, halafu hata nafasi iliyoandikwa kwa ajili yao wanapewa wengine. Hapo hiari iko wapi?