Re: Padri wa jeshi anaenda vitani kufanya nini kama habebi bunduki?

Mkuu wa Ujiji, swali lako la jana limenikumbusha Padri Emil Kapaun, Mmarekani aliyezaliwa 1916 katika kijiji cha Pilsen, Kansas. Bunduki hakubeba. Watu alibeba.

Vita vya Korea, Novemba 1950, kikosi chake kilizingirwa na Wachina huko Unsan. Angeweza kutoroka, akabaki na majeruhi. Alipochukuliwa mateka akamwona sajenti Herbert Miller kalala mtaroni, kifundo cha mguu kimevunjika, askari adui kamwelekezea bunduki kichwani. Padri akaenda moja kwa moja, akausukuma mtutu pembeni, akamwinua Miller na kumbeba mgongoni. Yule askari hakufyatua, labda kwa kushangaa tu. Sisi Wanyamwezi tunajisifu kwa upagazi wa babu zetu hadi pwani, lakini mzigo ule, kwenye baridi ile, na bunduki nyuma yako!

Kambi ya mateka ya Pyoktong, Korea Kaskazini, ndipo utamu ulipo: aliiba chakula usiku kuwalisha wenzake, huku akimwomba Mtakatifu Dismas, yule mwizi mwema wa msalabani. (Katekista wetu hapa Tabora hilo hulipitia harakaharaka.) Alichemsha maji kwenye vyombo alivyotengeneza kwa kugonga mabati, akafua nguo za wenye kuhara damu.

Alifia humo Mei 1951, ana miaka 35. Nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani alitunukiwa 2013, na mabaki yake yalitambuliwa 2021, akazikwa Wichita. Miller mwenyewe alirudi nyumbani hai.