Fundi Anajibu: Wimbo wa mwisho unakwaruza

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi gramafoni ya marehemu baba pamoja na santuri zake kama 60. Nyimbo za mwanzo zinapiga safi, ila ya mwisho, karibu na lebo, sauti ya mwimbaji inakwaruza na kila "s" inachemka kama mafuta ya maandazi. Nimepunguza uzito wa sindano hadi gramu 1 ili nisizikwangue santuri, ndiyo kwanza imezidi. Nifanyeje?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Hiyo gramu 1 ndiyo iliyokuponza. Sindano nyepesi mno haitulii ndani ya mfereji. Inarukaruka na kugonga kuta, na kule kugonga ndiko kunakokwangua. Vichwa vingi vya sumaku, yaani vile vinavyoshika sindano, hutaka gramu 1.5 hadi 2. Tafuta karatasi ya maelezo ya kichwa chako, na ikikupa nafasi hiyo, weka 1.8 au hata 2. Namba zilizochorwa kwenye jiwe la uzito, nyuma ya mkono unaobeba sindano, usiziamini sana. Mimi niliziamini miaka mingi, hadi nilipoazima kimizani cha betri cha sonara mmoja pale Majengo: jiwe linasema 2, mizani inasema 1.3! Ukipima, sindano itue kwenye kimo kilekile cha santuri.

Kwa nini wimbo wa mwisho? Santuri ya 33, yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, haibadili mwendo wa kuzunguka, lakini ukingoni sindano hupita kama nusu meta kwa sekunde, na karibu na lebo sentimeta 20 na kidogo tu. Muziki uleule umebanwa kwenye njia fupi, kona zimesongamana, na ncha iliyolika haiziwezi.

Halafu vumbi letu. Upepo wa Agosti ukianza, funga dirisha kabla hujafunua santuri. Ncha ipigie brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, usirudishe. Meza nayo ipime kwa pimamaji ya fundi mwashi. Kama inakwaruza spika moja tu, shughulikia kitufe kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati.

Baada ya hapo, weka sindano mpya. Santuri ambayo bado itakwaruza palepale, wakati nyingine zinapiga safi, kuta zake zilishaliwa zamani. Hiyo sina la kuifanya.