Kabla hujanunua midoli, uliza nani anabaki na mtoto

Nilianza na watoto sita barazani kwangu, Mbagala, Dar es Salaam. Mama zao walikuwa wanatoka saa kumi alfajiri: wawili wanakaanga vitumbua, mmoja anawahi samaki soko la Feri, wengine wanafua kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyeniomba nifungue kituo. Waliniomba niwatupie watoto jicho tu mpaka jioni, shilingi 500 kwa siku, na siku biashara ikiwa mbaya tunamalizana kesho. Mwaka huu ni wa tisa.

Siku hizi wananifuata watu wenye moyo mzuri, wengine wa kanisani, wengine wa vikundi vya akina mama, wananiuliza: "Dada, tuwaletee watoto nini?" Nami nawauliza: huyo mtoto unayetaka kumsaidia, tangu mama yake anapotoka hadi jua linazama, yuko mikononi mwa nani?

Mwaka wa kwanza niliachiwa mvulana wa miaka miwili na nusu ambaye hasemi chochote. Kiziwi si kiziwi, maana ukigonga sufuria anageuka. Nikaja kujua kwamba alikuwa akifungiwa chumbani na dada yake wa miaka minane, redio imewashwa kutwa. Mama yake aliamini redio itamfundisha kuongea. Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimebandika chati ya irabu ukutani, nimewapanga watoto mkekani, nimeshika kifimbo, tunaimba a, e, i, o, u mpaka sauti zinakauka. Wazazi walifurahi sana. Wakipita barazani wanasikia "shule". Yule mvulana alikuwa ananitazama mdomo tu.

Aliyenifungua macho ni mhudumu wa afya wa mtaani kwetu. Alikuja kwa shughuli nyingine, akakaa mkekani, akatoa chungwa kwenye mkoba na kuanza kulimenya taratibu. Mtoto akasogea. "Umeliona chungwa? Nusa. Linanukia, eeh?" Mtoto akatoa kisauti, hata si neno. Mhudumu akamjibu kama vile amesema jambo la maana: "Ehee, unataka! Haya, kipande chako hiki." Akanyamaza, akasubiri. Mtoto akatoa kisauti kingine. Walikaa hivyo karibu robo saa, chungwa moja.

Huko kumsikiliza mtoto na kumjibu, kwenye semina wanakuita malezi yenye mwitikio. Ni moja ya mambo matano yaliyomo kwenye mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Mengine ni afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Serikali yetu iliyachukua hayo hayo kwenye Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 (jina refu kuliko foleni ya magari ya Rangi Tatu, hapa Mbagala, lakini yaliyomo ni mazuri). Kwangu somo la lile chungwa lilikuwa na maana moja: chati nikaibandua. Tukawa tunaongea na watoto tukiwaogesha, tukichambua mchicha, tukianika nguo. Baada ya miezi mitatu yule mvulana akasema neno lake la kwanza: "Toka!" Alikuwa anamwambia kuku.

Lakini maongezi hayo yanataka mtu mwenye nafasi, na hapa lazima nieleze kosa langu. Sifa zilipoenea nikapokea watoto mpaka wakafika 23. Nilikuwa na msaidizi mmoja, binti wa miaka 19. Siku moja nikakuta nyuma ya ndoo za maji chupa ya dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi. Alikuwa anawapa kijiko kimoja kimoja baada ya uji wa saa nne ili walale. Nilishangaa kweli, maana nilikuwa najisifu kwamba watoto wangu ni watulivu.

Nilitaka kumfukuza palepale. Usiku nikapiga hesabu: watoto 23, watano hawajaanza hata kutembea, binti mmoja, mshahara wa kununulia vocha na sabuni. Nani aliyemfikisha pale? Niliwaita wazazi nikawaeleza, wengine walinitukana na walikuwa na haki. Nikapunguza watoto hadi 12, nikaongeza mlezi wa pili, nikapandisha ada hadi shilingi 1,000. Kuna mama watatu waliondoka kwa sababu ya ile ada, na mpaka leo sijui watoto wao wako na nani. Hilo sijalipatia dawa.

Kwa hiyo wewe mzazi, unapochagua pa kumwacha mtoto, usiangalie rangi za ukutani. Fika bila taarifa saa tano asubuhi. Hesabu watoto, hesabu watu wazima. Ukikuta wadogo wote wamelala fofofo kila siku saa ile ile, uliza. Na mtoto akirudi nyumbani amelegea siku tatu mfululizo, usiseme amechoka kucheza.

Tuje kwenye uji, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu wema zinapotea. Nilikuwa naletewa unga wa lishe wa kila aina: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, vyote vimesagwa pamoja. Kadiri orodha inavyokuwa ndefu ndivyo watu wanavyoona ni bora. Watoto matumbo yalijaa gesi, wengine wakaharisha. Afisa lishe akaniambia nirudi kwenye nafaka moja au mbili, karanga nisage kando na niweke wakati wa kupika. Soya ikisagwa mbichi isiive sawasawa, inazuia mwili kutumia protini, yaani ile ile uliyoifuata. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu ni za kutupa, hata kama umeletewa bure. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kosa langu kubwa zaidi kwenye uji lilikuwa maji. Unga ukipungua naongeza maji, vikombe vinajaa, kila mtu anaridhika. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo; ukilijaza maji umemnyima chakula huku unamwona ameshiba. Inua kijiko, ukigeuze: uji wa mtoto udondoke taratibu, usichuruzike. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na siamini wote hao walilala njaa. Sasa naweka dagaa waliosagwa kwenye mboga ya mchana, parachichi likiwa msimu, na kila mtoto ana bakuli lake, kwa sababu kwenye sinia moja mdogo haambulii kitu.

Siku ya kwanza naomba kadi ya kliniki. Chanjo za mwanzo wengi wamepata. Inayosahaulika ni ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, kwa kuwa wakati huo mtoto anakimbia na hakuna anayekumbuka kliniki. Matone ya vitamini A kila miezi sita nayo hivyo hivyo.

Midoli je? Nililetewa boksi zima. Likakaa juu ya kabati miezi minne, naogopa wataivunja. Wakati huo watoto walikuwa wanapanga makopo ya maziwa yaliyosafishwa, wanapiga vijiko vya mbao, wanapika udongo. Vifuniko vya chupa nawapa waliovuka miaka mitatu tu, wadogo wanavimeza.

Msaada ulionifaa kuliko yote ulitoka kwa mama mmoja wa Temeke ambaye hakuja na kitu mkononi. Alikaa asubuhi nzima, akambeba mtoto aliyekuwa analia, kisha akauliza namlipa kiasi gani mlezi wa pili. Akachukua nusu ya mshahara ule kwa mwaka mzima. Mwingine alininunulia simtanki la lita 1,000. Hakuna aliyepiga picha.

Wewe unayetaka kuanza barazani kama mimi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii mapema. Vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyo. Mimi nilijificha miaka miwili nikidhani watanifungia. Alipokuja aliangalia choo, akaangalia geti, akasema pipa la maji liwe na mfuniko wa kufunga, akanipa muda wa kurekebisha.

Sasa tuko na watoto 14, walezi wawili na mimi. Januari nafasi moja inakuwa wazi, ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mama atakayeitaka aje na kadi ya kliniki, na siku ya kwanza akae nasi mpaka mchana.