Namba ngeni: pokea, lakini usianze kuongea

Salama mkuu. Umesema wewe ni fundi bomba hapo Moshi, kuna namba iliyofichwa inakusumbua usiku, na ukizuia namba ngeni zote utakosa wateja.

Nauza viazi soko la Kilombero, Arusha, na wateja wangu wengi sijahifadhi namba zao. Kwa hiyo napokea. Ila nikishasema "haloo" nanyamaza, yeye ndiye ajitambulishe. Mteja wa kweli atataja shida yake: tanki linavuja, au fulani kampa namba yako. Akianza na "yaani umenisahau?" nakata, hata kama ni shangazi. Atapiga tena.

Iliyofichwa usiku usipokee kabisa. Mwenye dharura atatuma meseji.

Mwaka jana nilipigiwa: mwanao kaanguka shuleni, tuma hela ya matibabu sasa hivi. Mikono ilitetemeka. Nikakata, nikampigia mwalimu wake kwa namba niliyokuwa nayo mwenyewe. Mtoto yuko darasani anakula karanga.

Anayejiita huduma kwa wateja wa mtandao wako, angalia kwanza: wao hupiga kwa 100 tu. Namba ya siri usimtajie yeyote. Matapeli waripoti kwa meseji kwenda 15040, ni bure. Na namba ya nje ya nchi iliyolia mara moja ikakata, usiirudie, itakula salio.

Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.