Matairi ya inchi 33 kwenye pikapu: rimu ndiyo inayosumbua, siyo tairi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una Hilux ya milango minne yenye matairi ya kiwandani, 265/65R17, unataka kuivalisha 285/70R17 za tope (ndizo ziitwazo za inchi 33, yaani kipenyo chake), na rimu ulizozipenda zina upana wa inchi 9 na ofseti ya hasi 12. Fundi kakwambia ukiinua gari inchi 2 halitagusa popote. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu gari langu ni la aina hiyo hiyo na size hiyo ya tairi ndiyo ninayotembelea. Tairi linaingia, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Rimu hiyo ndiyo itakayokupa taabu, na kuinua gari peke yake hakutakusaidia kama unavyoambiwa.

Hesabu kwanza. Ubavu wa 265/65 ni asilimia 65 ya 265, ambao ni upana wa tairi kwa milimita, yaani milimita 172. Ukijumlisha juu na chini pamoja na rimu ya inchi 17 (milimita 432), tairi zima lina kipenyo cha milimita 776. Fanya hivyo hivyo kwa 285/70R17, utapata 831. Tofauti ni milimita 55, na nusu yake, kama 27, ndiyo difu ya nyuma inapanda kutoka ardhini. Watu wanacheka wakisikia ni sentimita 2 na ushee tu, lakini hizo ndizo sentimita pekee utakazozipata chini ya difu. Ukibadilisha springi unainua chesi na bodi. Ekseli ya nyuma inakaa juu ya magurudumu, kwa hiyo yenyewe inabaki pale pale.

Sasa rimu. Rimu nyingi za kiwandani za Hilux za ringi 17 zina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya chanya 30. Geuza yako uangalie, namba zimeandikwa upande wa nyuma. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokalia habu. Ikiwa chanya, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa hasi, linatoka nje. Chukua nusu ya upana, toa ofseti, unapata kiasi cha rimu kinachotokeza nje ya habu. Ya kiwandani: 95 toa 30, unabaki na 65. Uliyoipenda wewe: 114, na kwa kuwa ofseti ni hasi unajumlisha 12, inakuwa 126. Gurudumu limetoka nje milimita 61, na tairi lenyewe ni pana zaidi kwa milimita 10 kila upande. Jumla unacheza na sentimita 7.

Gari likiwa limesimama mbele ya nyumba, sentimita 7 hizo zinapendeza kwa kweli. Shida inaanza ukikata usukani. Gurudumu la mbele halizunguki palepale lilipo. Linazunguka kufuata mstari unaopita kwenye bolijointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu) ya juu na ya chini, na kadiri tairi linavyokuwa mbali na mstari huo, ndivyo linavyochora duara kubwa zaidi linapogeuka. Bega la mbele linaifuata bampa, bega la nyuma linakwenda kugonga ukuta wa madigadi, pale bodi inaposhikizwa kwenye chesi. Ndiyo maana utakuta mtu ana tairi la inchi 33 kwenye rimu ya ofseti nzuri na haligusi, na mwingine ana tairi dogo kuliko lake kwenye rimu iliyotoka nje na kila akigeuza gari unasikia linakwaruza.

Na kuinua? Hapa mafundi wengi wanawapoteza watu. Ukiweka springi ndefu, unabadilisha pale gari linaposimama likiwa limetulia. Hubadilishi pale gurudumu linapofika likipanda hadi mwisho. Mwisho wake unawekwa na raba ya kikomo, ile inayozuia vyuma visigongane, na raba hiyo haijasogea. Ukiingia kwenye shimo kwa kasi huku usukani umekatwa, tairi litapanda hadi pale pale lilipokuwa likipanda siku zote, na kama kuna chuma hapo litakikuta. Kuinua kunapunguza mara ambazo linafika huko. Kama hutaki lifike kabisa, unaweka raba ndefu zaidi na kukubali kupoteza mwendo wa springi, au unakata kile kinachogusa.

Kwa hiyo usipime gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Azima tairi moja la size hiyo likiwa kwenye rimu, hata kwa saa moja, ufunge mbele kushoto. Paka chaki mabega yote mawili ya tairi, mpaka yawe meupe kabisa. Panda na gurudumu hilo kwenye kitu kirefu, ngazi ya zege au mlima mdogo wa udongo, hadi gurudumu la mbele upande wa pili lianze kuning'inia. Hapo kata usukani hadi mwisho kushoto, rudi kulia, kisha tia rivasi taratibu usukani ukiwa bado umekatwa. Rivasi usiiruke, kuna sehemu zinaguswa ukirudi nyuma tu. Halafu shuka na tochi uingize kichwa kwenye tundu la gurudumu. Popote palipoachwa poda nyeupe ndipo panapogusa. Kwangu chaki ilionekana sehemu tatu: kwenye plastiki ya ndani nyuma ya bampa, kwenye kona ya madigadi ya tope, na mstari mwembamba kama wa penseli juu ya mshono wa bodi nyuma ya gurudumu. Mbili za kwanza ni kazi ya kisu na hita ya kulainisha plastiki. Ule mshono ni bati mbili zilizounganishwa. Uligongwa kwa nyundo ukalala, ukapakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Rangi hiyo usiisahau, maana bati lililokunjwa linaanza kutu pale pale rangi ilipopasuka.

Hiyo ni kwa rimu yangu ya inchi 8 yenye ofseti ya chanya 20. Piga hesabu ile ile: 102 toa 20 ni 82, yaani imetoka nje milimita 17 tu kuliko ya kiwandani. Kwa ndani, ukijumlisha badala ya kutoa, ya kiwandani ni 125 na hii ni 122, kwa hiyo hata tairi likiongeza milimita 10 zake, unasogelea amu ya juu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa juu) kwa kama milimita 7. Nafasi inatosha, ingawa siyo ya kuchezea. Pitisha kidole kati ya tairi na amu kabla hujaondoka kwa fundi. Kwa wewe ningesema tafuta ofseti kati ya 0 na chanya 25. Hasi 12 inawezekana, sikatai, wapo wanaotembea nayo. Lakini jiandae kukata ule ushikizo wa bodi kwenye chesi na kuuchomelea upya, na hiyo ni kazi ambayo mimi nisingemruhusu fundi wa kando ya barabara aifanye kwenye gari ninalobebea familia.

Kuna gharama nyingine ya ofseti ambayo huioni kwa chaki. Uzito wa gari unapitia katikati ya tairi. Ukilisogeza nje, beringi za habu na bolijointi zinabeba mzigo kwa wenzo mrefu zaidi, na usukani unaanza kuvutwa na kila jiwe na kila mfereji wa lami. Spesa, zile pete za chuma zinazowekwa kati ya rimu na habu, zinafanya jambo lile lile. Umesema kuna aliyekushauri uweke spesa ili tairi lisiguse amu. Kama rimu ina ofseti sahihi huzihitaji.

Ukibadilisha rimu angalia pia tundu la katikati na nati. Hilux ina boliti 6 kwenye duara la milimita 139.7, na habu yake ni ya 106.1. Ranger nayo ni 6 kwa 139.7, kwa hiyo watu wanadhani rimu zao zinabadilishana, ila tundu la Ranger ni 93.1, rimu zake haziingii kwenye habu ya Hilux. Nati za rimu za alumini za Toyota za kiwandani zina kikalio bapa chenye washa, wakati rimu nyingi za kununua nje zinataka nati za koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inakaza vizuri ukiwa gereji, kisha inalegea njiani. Hakikisha, halafu baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo kaza tena kwa spana ya kupimia mkazo.

Springi: inchi 2 zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo shafti za mbele zinakaa kwenye pembe kali, sivijointi (viungo vya shafti hizo) zinachoka mapema, na amu ya juu inakosa nafasi gurudumu likishuka. Hata kwa inchi 2 kastori (mlalo wa ule mstari wa bolijointi kuelekea nyuma) inapungua, usukani unakuwa mwepesi wa kupepesuka kwenye mwendo. Ukienda kupima alaimenti, mwambie fundi aipe kastori yote inayopatikana kwenye boliti za amu ya chini. Gurudumu litasogea mbele kidogo, litaukimbia ule mshono wa nyuma, na usukani utarudi wenyewe baada ya kona. Ni kazi ndogo inayofanya mambo mawili, na sijui kwa nini haitajwi. Kama boliti zimefika mwisho na bado kipimo hakijafika, ndipo unanunua amu za juu za gari lililoinuliwa.

Baada ya kuvaa, spidi mita itakudanganya. Tairi ni kubwa kwa asilimia 7, kwa hiyo ikisoma 100 gurudumu linakwenda 107 ya ilivyokuwa zamani. Magari mengi yanatoka kiwandani yakisoma juu kidogo ya mwendo halisi, hivyo kosa lenyewe huwa dogo kuliko hapo. Lipime kwa GPS ya simu. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: ukitembea 1,000 gari litaandika kama 935. Wengi wanaolalamika kwamba mafuta yamepanda vibaya hawajarekebisha hilo. Mafuta yanapanda, ndiyo, ila siyo kwa kiasi wanachokisema.

Nguvu ya kuvuta nayo inapungua kwa karibu asilimia 7 hiyo hiyo, kana kwamba umebadilishiwa difu. Kwenye tambarare hutaona sana. Ukiwa na mzigo kwenye mlima, gia ya tano inakuwa pambo. Kama difu yako ni ya 3.9 (uwiano wa gia zake), kurudi ulipokuwa unahitaji kama 4.2, za karibu ni 4.1 na 4.3, na lazima ubadilishe ya mbele na ya nyuma pamoja. Kwa dizeli yenye tabo mimi nisingehangaika nazo. Breki ndizo ningeziangalia zaidi. Tairi la LT (la magari ya mizigo midogo) la size hii linaweza kuzidi la kiwandani kwa kilo 8 hivi, kila moja, na uzito wote huo uko mbali na katikati ya gurudumu. Gari linasimama kwa umbali mrefu zaidi. Weka pedi nzuri, badilisha mafuta ya breki kama ni ya zamani, na uache nafasi zaidi mbele yako.

Upepo usiufuate ule wa kibandiko cha mlangoni. Tairi la kiwandani ni la 112, linabeba kilo 1,120. 285/70R17 ya LT mara nyingi imeandikwa 121/118, yaani kilo 1,450 likiwa moja moja. Ubavu wake ni mgumu na linahitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule. Mimi nikiwa sina mzigo natembelea 35 PSI, nyuma naongeza nikipakia. Chaki yako irudie hapa: chora mstari mnene kukatisha meno, tembea mbele mstari ulionyooka mita chache, utazame. Ukifutika katikati tu, upepo umezidi. Ukifutika pembeni tu, ni mdogo.

Tairi la akiba ni swali ambalo hukuuliza. Jaribu kuliingiza chini ya sehemu ya mizigo kabla hujalipia la tano, kwa sababu milimita 55 hizo zinaweza kuligusisha kwenye eksozi au bampa la nyuma. Kubaki na dogo la kiwandani siyo suluhisho: ukilifunga nyuma difu inafanya kazi bila kupumzika, na ukitia foo wili kwenye ardhi kavu unaitesa transfa kesi, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Kama baada ya haya yote hutaki kukata wala kugonga chochote, kuna 265/70R17. Kipenyo chake ni 803, gari linapanda milimita 13, rimu zako za kiwandani zinalibeba, na kwenye Hilux nyingi linaingia bila kuguswa kitu. Kama safari zako ni barabara ya vumbi na tope la msimu, ningechukua hilo la AT (la kila aina ya barabara) na pesa iliyobaki ningeitia kwenye shokapu. Za 33 zinalipa pale unapokwama kwa sababu difu imekalia udongo katikati ya mifereji ya malori.

Piga picha ya maandishi yaliyo nyuma ya rimu zako, na upime nafasi kati ya tairi la sasa na amu ya juu, usukani ukiwa umenyooka. Ukiwa na namba hizo mbili tunaweza kukwambia ofseti ya kununua bila kubahatisha.