Uliza Mama wa Maabara: Ndoo Isiyo na Tarehe

SWALI: Shikamoo mama. Nina miezi minne tu kazini, kwenye maabara ya utafiti hapa Mwanza. Stoo yetu ina mabaki ya vipimo vya homoni vya iodini-125, vichupa vya fosforasi-32, na ndoo moja yenye alama ya mionzi bila maandishi mengine yoyote. Ukaguzi unakaribia. Mkubwa wangu anataka vyote vitiwe kwenye mifuko na kupelekwa kwenye tanuri pamoja na taka za hospitali ya jirani. Nimesita. Nifanyeje?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kusita, na usikubali. Moto huua vijidudu, lakini mionzi haiungui. Kilichomo kitatoka na moshi au kitabaki kwenye majivu, na majivu hayo atayachota kijana mwenye koleo asiyejua lolote. Kisha yataishia dampo la Buhongwa, ambako kuna watu wanaookota chupa na vyuma ili wale. Nawafikiria hao kwanza.

Kosa la namna hiyo nalijua kwa mikono yangu. Nikiwa kijana, katika maabara nisiyoitaja, tulikuwa na pipa moja tu. Nikatupa humo glavu zenye fosforasi-32, na mwenzangu akamimina tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi. Mionzi ya fosforasi-32 hupungua nusu kila baada ya siku 14 hivi. Tritiamu huchukua zaidi ya miaka 12 kupungua nusu. Kwa miezi mitano glavu zangu zingekuwa zimepoa, yaani mionzi yake karibu imekwisha. Lakini pipa lililochanganywa hufuata kinachokawia kuliko vyote, na likawa mzigo wa watu ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo tenganisha kwa isotopu, yaani kila aina ya kitu chenye mionzi peke yake, kama iodini-125 au fosforasi-32, na utenganishe pale pale mezani unapofanyia kazi. Ndani ya kila isotopu, vikavu viwe peke yake, vimiminika peke yake, na sindano kwenye sefti boksi yake. Lebo iandikwe kabla hujatupa kitu cha kwanza: isotopu gani, bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi) ngapi kwa makadirio, nani ameweka. Siku mfuko unapofungwa, andika tarehe. Ukishaandika, usiongeze hata karatasi moja, maana hesabu inaanza siku hiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukisubiri vipindi 10 vya kupungua nusu, kinabaki chini ya sehemu moja kati ya 1,000. Iodini-125 hupungua nusu kwa siku 60 hivi, basi ni kama miezi 20 kwenye stoo iliyofungwa kwa kufuli, na kwa kibali. Muda ukiisha usiamini kalenda peke yake. Toa mfuko kwenye kinga, upeleke mbali na mifuko mingine, upime kwa kifaa cha kupima mionzi kinachofaa isotopu hiyo: kaunta ya Geiger kwa fosforasi-32, lakini kwa iodini-125 kaunta ya sintilesheni, kwa kuwa ya Geiger huiona kwa shida. Usipoona tofauti na hali ya kawaida ya chumba, futa alama zote za mionzi kabla haujatoka. Alama iliyobaki kwenye taka iliyopoa inatia watu hofu ya bure leo, na kesho inawafundisha kuidharau.

Fosforasi-32 usiikinge kwa risasi peke yake, ingawa wengi hudhani risasi ndiyo ngao ya kila kitu. Miale yake ya beta ikigonga risasi huzaa eksirei. Weka kwanza plastiki ngumu ya pespeksi yenye unene wa sentimita moja. Iodini-125 ndiyo inayotosheka na bati jembamba la risasi. Na taka ya iodini usiitie jiki wala asidi: iodini hugeuka hewa, ukaivuta.

Kwenye sinki nako usimwage taka hizi bila kibali na vipimo. Mto Mirongo unakatiza mjini na kuingia ziwani, na maji ya bomba tunayanywa kutoka ziwa hilohilo.

Sasa ile ndoo. Usiifungue. Kaunta ya Geiger ikinyamaza karibu nayo bado si salama, kwa kuwa tritiamu haiioni kabisa. Iwekee beseni chini, bandika karatasi yenye tarehe ya leo na neno HAIJULIKANI, funga mlango, mwarifu afisa wa kinga ya mionzi wa taasisi yenu kwa maandishi. Mjini Goiânia, Brazil, mwaka 1987, waokota vyuma walifungua chombo kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa. Watu 4 walikufa kwa sesiamu-137 iliyokuwamo.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na ina ghala la taka za mionzi Arusha. Wapigieni kabla ya ukaguzi. Mkubwa wako akisita, mwonyeshe ukurasa huu, umwambie kwa heshima kwamba mkaguzi anayekuta ndoo imetengwa na barua imeandikwa ana la kuwasaidia. Nakala ya barua hiyo kaa nayo wewe.